Yai la Kuuza na Yai la Kula

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama na wageni, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi)



Miaka kumi siyo mchezo. Vikundi vingi vinaanzishwa na kuvunjika kabla hata sanduku halijazoea kufuli zake tatu. Ninyi mmefika hapa, sanduku lipo, funguo zipo, na bado mnasalimiana. Hongereni sana. (Makofi.)

Katibu wenu aliniletea barua kwamba nije nizungumze juu ya tabia ndogo ndogo za asili zinazomfanya mama abaki kijana na ale vizuri. Nilimwuliza, mnataka ujana wa sura au ujana wa magoti? Akacheka, akasema vyote viwili. Haya, nitajaribu vyote viwili, ila naomba mniruhusu nianze na magoti. (Kicheko.)

Miaka haizuiliki, tusidanganyane. Ninachokiita mimi kubaki kijana ni kwamba ukifika miaka sitini unainuka kwenye mkeka bila kushikwa mkono, unapanda daladala mwenyewe, unabeba ndoo yako ya lita kumi, na unakumbuka nani unamdai na nani anakudai. Mama anazeeka kabla ya wakati kwa sababu za kawaida kabisa: damu pungufu, presha, sukari, mifupa kulegea. Nyingi kati ya hizo zinaanza mezani kwetu, polepole, miaka mingi kabla hazijaonekana.

Sasa nataka niwaonyeshe jambo ambalo nimeliona katika kazi yangu ya uuguzi, na nadhani hata hapa Morogoro mnalijua kuliko mimi. Mama ananunua mahindi, anayapeleka mashine kukoboa. Kile kiini na lile ganda, ndimo zilimo sehemu kubwa ya vitamini za jamii ya B, madini ya chuma na nyuzinyuzi, vinatoka kama pumba. Pumba anampa kuku. Kuku anashiba, anataga. Yai mama halili, anauza. Hela ya yai anaweka hisa, vizuri sana, na ikibaki kidogo anapita dukani anaongeza, ananunua kopo la krimu ya kulainisha uso. Nyumbani anakula ugali mweupe wa sembe na chai ya rangi. Fuateni huo mzunguko, jamani. Katika hiyo nyumba anayekula vizuri ni nani? (Sauti: Kuku!) Kuku! Na ngozi ya kuku haihitaji krimu. (Kicheko na makofi.)

Sisemi msiuze mayai. Kikundi hiki kimesimama juu ya mayai, vitumbua, na mboga za Mgeta zinazoteremka kwa magunia. Nasema mama muuzaji naye ni mteja, awe wa kwanza kwenye foleni. Mwenye kuku wanaompa mayai kumi, mawili ayatoe kabla hajahesabu. Yai moja lina protini kama gramu 6 na vitamini A ndani yake. Kuna wanaoogopa kwamba yai linaleta mafuta kwenye damu. Kwa mtu mzima mwenye afya, yai moja kwa siku halina neno. Mwenye kisukari au ugonjwa wa moyo amwulize daktari wake kwanza. Na huu utaratibu wa kizamani wa mayai na firigisi ya baba, akina baba mliopo hapa naomba mnisaidie kuufuta. Anayenyonyesha, anayepata hedhi kila mwezi na anayelima ni yule yule mmoja.

Bibi zetu waliopo hapa watakumbuka mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikaa chini ya miembe vikundi kwa vikundi wakisikiliza redio, halafu wakachimba vyoo na kufyeka majani. Walioshiriki walifika kama milioni 2 nchi nzima. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Nawakumbusha kwa sababu moja tu: mtu akiambiwa peke yake anasahau, lakini wakiambiwa ishirini wanaokutana kila wiki, wanaulizana. Ninyi mnakutana kila wiki. Wataalamu wa lishe wangetamani sana kuwa na kitu hicho.

Turudi kwenye unga. Dona ni bora kuliko sembe, hilo halina ubishi. Najua mtasema dona linaharibika haraka, ni kweli, kwa sababu kile kiini kina mafuta na mafuta yanachacha. Basi msisage debe zima. Sageni la wiki mbili, mbaki na mahindi. Lakini hapo hapo nitoe tahadhari, na hii siyo ya mzaha. Mahindi yenye ukungu, yaliyovunda au kubadilika rangi, msisage, na wala msimpe kuku. Ukungu ule unatoa sumu inayoitwa sumukuvu, haionekani kwa macho, haina harufu ya kukuamsha, na moto wa jikoni hauimalizi. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu wapatao 20 walifariki kwa sumu hiyo. Wenzetu Kenya mwaka 2004 walizika 125. Karanga nazo zichambueni hivyo hivyo. Karanga moja chungu ukiitafuna, iteme, usiimeze kwa aibu ya wageni.

Sasa damu. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa anahitaji madini ya chuma zaidi ya mara mbili ya mwanamume, karibu miligramu 18 kwa siku, naye mwanamume 8 zinamtosha. Ukosefu wake mnaujua kwa dalili: kuchoka bila kazi, moyo kwenda mbio ukipanda ngazi, ndani ya kope kuwa peupe, na ile hamu ya kula udongo, ule wanaouita pemba. Mama anayetafuna pemba kila siku asichekwe, apelekwe akapimwe damu. Mwili wake unatafuta kitu, ila hautakipata humo, na minyoo huenda ikaingia humo humo.

Mboga tunazo. Mchicha, matembele, majani ya maboga, kisamvu, mlenda, mnafu. Shida yetu ni jinsi tunavyozitendea. Kwanza tunazikatakata ndipo tunaziosha, rangi ya kijani inaondoka na maji kwenye karai. Osha kwanza, kata baadaye. Kisha tunazichemsha mpaka zinakuwa kama kamba, maji tunamwaga. Mchicha unahitaji dakika chache tu. Kisamvu ndicho peke yake ninachosema kipikwe sana: kitwangwe, kichemshwe vizuri bila kufunikwa mwanzoni, kwa sababu majani ya muhogo yana sumu inayotoka kwa kutwanga na kuchemsha. Mboga yoyote uitie karanga za kusaga, au tui, au mafuta kidogo, maana vitamini A ya majani haiingii mwilini vizuri bila mafuta.

Halafu, na hili naomba mlichukue hata kama mengine mtayaacha: kamulia ndimu au limao juu ya mboga, au kula chungwa baada ya chakula, au nyanya mbichi. Vitamini C inalisaidia tumbo kuyachukua madini ya chuma yaliyomo kwenye majani na maharage. Chai inafanya kinyume chake. Ukinywa chai pamoja na ugali na maharage, yale madini unayapitisha tu. Chai siikatazi, mimi mwenyewe ni mnywaji, ila iwe saa moja baada ya kula au saa moja kabla. Ndimu haina gharama kubwa, na kuisogeza chai saa moja mbele ni bure kabisa.

Dagaa. Kuna watu wakipata hela kidogo wanaacha dagaa, wanasema ni chakula cha shida. Wanakosea. Samaki mkubwa unamla unatupa mifupa. Dagaa unamla mzima na mfupa wake, na ndimo ilimo kalisi. Kwa sisi tuliokaribia au kupita umri wa hedhi kukoma hilo ni jambo kubwa, kwa kuwa homoni ya kike inapopungua, mifupa nayo huanza kupungua nguvu kwa kasi. Ndipo unasikia bibi kateleza bafuni, kavunjika nyonga, na tangu siku hiyo hasimami tena. Dagaa, maziwa au mtindi kwa anayepata, na kubeba uzito wa kiasi: mifupa inapenda kufanyishwa kazi. Dagaa wa chumvi walowekeni kwanza, mmwage yale maji.

Na hapo naingia kwenye chumvi na presha, nitakaa kidogo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko cha chai kimoja, cha kufuta, siyo cha mlima. Na hicho ni kwa vyote: chumvi ya ugali kwa wanaotia, ya mchuzi, ya mkate, ya maandazi, ya chipsi. Vile vidonge vya mchuzi vya dukani navyo ni chumvi tupu iliyopakwa harufu ya kuku. Kwa hiyo kibakuli cha chumvi kiondoke mezani. Kipikie ndimu, pilipili, kitunguu saumu, tangawizi, bizari. Watu wa pwani wametufundisha siku nyingi kwamba ladha siyo chumvi. Chumvi yenyewe inunuliwe ile yenye madini joto, itunzwe kwenye chombo chenye kifuniko, itiwe mwishoni chakula kikikaribia kuiva.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu presha haiumi. Mama anatembea nayo miaka mitano anauza vitumbua, anacheza ngoma harusini, halafu asubuhi moja mdomo umepinda na mkono haunyanyuki. Mweka Hazina wenu alinidokeza, bila kutaja majina, kwamba dharura za matibabu ndizo zinazoutikisa mfuko wa jamii. Sishangai. Mgonjwa wa kiharusi analala ndani, binti anaacha biashara amuuguze, na mikopo ya wawili inasimama. Vipimo vikionyesha 140 kwa 90 au zaidi, tena siku zaidi ya moja, hiyo ni presha ya kutibiwa. Na ukipewa dawa, usiache kwa sababu unajisikia vizuri. Unajisikia vizuri kwa kuwa unazimeza. Mlonge ni mboga nzuri, pikeni. Kitunguu saumu ni kizuri, kuleni. Lakini atakayewaambia mtupe vidonge mkanywe unga wa mlonge, mwulizeni kama atakuja kuwageuza kitandani.

Sukari nitasema kwa ufupi. Chupa ya soda ya kola ya mililita 300 ina sukari karibu vijiko 8 vya chai. Shirika hilo hilo la Afya linasema tukiweza tusizidi kama vijiko 6 kwa siku nzima kwa vyote. Hesabu za riba mnazijua, hii nayo fanyeni wenyewe. Nimeona kreti za soda pale nyuma, leo ni sikukuu, kunyweni. (Kicheko.) Ila mikutano ya kila wiki jaribuni maji, na ndizi au karanga. Mafuta ya kukaangia yakishabadilika rangi na kutoa moshi yamwagwe, hata kama roho inauma. Moshi wa kuni nao unazeesha mapafu na macho, fungueni madirisha ya jiko, pikieni nje mvua isiponyesha, maharage yalowekeni usiku ili mpunguze kuni. Usingizi: saa saba. Mama anayelala saa nne kila siku kwa miaka asitafute mchawi wa uso wake. Ugoro na sigara, acheni.

Mtaniambia sisi hatuhitaji mazoezi, tunafanya kazi kutwa. Kwa mkulima na mchota maji ni kweli. Lakini tazameni biashara zetu za sasa: tunakaa kwenye genge tangu asubuhi mpaka jioni, kisha bodaboda mpaka mlangoni. Kinachoshauriwa ni dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kukufanya upumue kwa nguvu kidogo, yaani nusu saa kwa siku tano. Kutoka hapa kwenda sokoni kwa miguu inatosha, mkiwa wawili wawili mnapiga soga.

Na sasa sura, nisije nikaambiwa nimekwepa.

Ngozi nyeusi ni zawadi. Ile rangi yenyewe ndiyo mwavuli, inazuia jua lisiikunje ngozi mapema. Ndiyo sababu bibi zetu wa miaka sabini wana mashavu ambayo wenzao weupe waliokaa juani wanayatamani. Halafu sisi tunanunua dawa ya kuuchana huo mwavuli. Mkorogo una mambo matatu yanayojulikana. Kuna zebaki, inaingia kupitia ngozi na kuharibu figo na mishipa ya fahamu, na inabaki kwenye shuka na taulo, mtoto anayekumbatiwa naye anaipata. Kuna haidrokwinoni, ambayo ikitumika muda mrefu inageuka, uso unapata madoa meusi ya bluu yasiyotoka, ndiko huko tunakoita kuungua. Na kuna dawa za jamii ya steroidi, zilizotengenezwa kutibu magonjwa ya ngozi kwa siku chache. Akizipaka mtu miezi na miaka ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya kitunguu, michirizi inatokea, vidonda vinachelewa kupona, na zikiingia mwilini kwa wingi zinapandisha presha na sukari. Sisi tunaohudumia akina mama baada ya upasuaji wa uzazi tunamjua wa mkorogo kwa jinsi kidonda chake kinavyosumbua.

Serikali yetu imevipiga marufuku vipodozi vya namna hiyo. Dunia nayo: Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa vipodozi vyenye zebaki inayozidi kiwango kidogo sana, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kuondoa hata kile kiwango kidogo. Bado vinauzwa, tena vingine havina maandishi kabisa. Ukiona kopo limeandikwa "Hg" au "calomel", hiyo ni zebaki. Na kuna makopo yanayokuonya usishike krimu ukiwa na pete ya dhahabu au ya fedha, itaharibika. Hebu fikirini. Pete ivuliwe isiharibike, uso upakwe.

Aliyekwisha kuanza asiache kwa hofu na kimya kimya, aende kituo cha afya aseme ukweli, maana za steroidi ukiziacha ghafla ngozi inawaka, na inabidi uongozwe. Wengine tujipake mafuta ya nazi au ya alizeti baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Juani kofia au kanga kichwani. Niliulizwa pale mlangoni kuhusu tango na limao usoni. Tango halidhuru, ingawa mimi ningelila. Limao usijipake ukatoka juani, linaunguza. Lenyewe tumeshalipangia kazi kwenye mboga.

Ndugu Mwenyekiti, naona saa. Nina ombi moja kwa kikundi, mlijadili kwenye mkutano wenu mkiona linafaa. Nyuma ya kila kitabu cha hisa kuna kurasa tupu. Kila baada ya miezi mitatu mwanachama apimwe presha, namba iandikwe pale na tarehe, kama mnavyoandika hisa. Asiyepimwa aulizwe sababu kama anayekosa rejesho. Faini sitaki kuwapangia, ingawa naona Mama Nidhamu ameshatoa kalamu. (Kicheko.)

Mashine ya kupimia iko pale chini ya mwembe na wenzangu wawili wa zahanati wanasubiri. Ni bure. Nawaomba msinywe soda wala chai kwanza, mkae dakika tano mkiwa mmetulia, mkono uegemezwe mezani, na mkiwa mnapimwa msiongee, najua hiyo itakuwa ngumu. Akina baba nao waje. Tutaanza na Mweka Hazina, kwa kuwa yeye ndiye mwenye mawazo mengi, halafu wazee, halafu safu ya mbele. Maswali mtaniuliza hapo hapo kwenye foleni. (Makofi.)